"Napıyosun?" Namna ya kujenga ghala la sauti za Kituruki mkiwa kikundi

Nilifika Eskişehir, mji wa Uturuki, nikiwa na cheti cha Kituruki cha B1, yaani ngazi ya kati, na majivuno kidogo. Siku ya pili jirani wa ghorofa ya chini, mama wa makamo ambaye hadi leo namwita teyze, yaani mama mdogo, alinikuta kwenye ngazi akaniambia kitu kama "napıyosun". Nikatabasamu tu. Usiku nikakitafuta kitenzi "napmak" kwenye kamusi, nisikione. Kumbe alikuwa ananiuliza "ne yapıyorsun", unafanya nini, sentensi ya wiki ya kwanza darasani.

Wenzangu wanne wa darasa la lugha walikuwa na aibu hiyohiyo, kila mmoja na neno lake. Ndipo tukaanza kukusanya sauti. Sasa tuna vipande zaidi ya mia sita, na tumeharibu vya kutosha kuweza kuwaelekeza wengine.

Anzeni na vipande vifupi, sekunde tano hadi ishirini. Sisi tulianza na mazungumzo ya dakika nane, na hakuna aliyeyasikiliza mara ya pili. Cha sekunde kumi mtu atakirudia mara kumi na tano akisubiri basi. Kila kipande kibebe jambo moja: mwuza mikate anauliza "başka?", yaani "kingine?", abiria kwenye dolmuş, basi dogo kama daladala, anamwambia dereva "müsait bir yerde inecek var", kwamba kuna mtu wa kushuka pakipatikana pa kusimama, rafiki anasema "naber", ambayo ni "ne haber" iliyobanwa, na haber ndiyo habari yetu ileile.

Namba za simu ziwe na folda yake. Waturuki hawazitaji tarakimu moja moja. 0532 ni "sıfır beş yüz otuz iki", sufuri, mia tano thelathini na mbili. Tarakimu tatu zinazofuata pia husomwa kama mamia, kisha zinakuja jozi mbili. Ukichanganya altmış (60) na yetmiş (70), umempigia mtu mwingine. Tuliwarekodi watu sita wakisoma namba za kubuni, na hicho ndicho kipengele ambacho wageni wapya hukiomba kwanza.

Kisha tengenezeni vipande kwa ajili ya masikio yetu sisi wa Kiswahili, maana hayo hakuna kitabu kitakachowafanyia. Tuna irabu tano, wao wana nane. Oldu ni "imekuwa", öldü ni "amekufa". Mwambieni msemaji yuleyule atamke yote mawili ndani ya sentensi. Mkazo nao unatuponza. Sisi tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri, Kituruki kwa kawaida kinaupeleka mwishoni, ila majina ya mahali yana njia zake. Bebek yenye mkazo mwanzoni ni mtaa wa Istanbul. Yenye mkazo mwishoni ni mtoto mchanga. Mimi nilishamsifia mama mmoja kwa kuwa na mtaa mzuri. Na gelme ikikazwa mwanzoni ni "usije!", ikikazwa mwishoni ni jina tu, "kuja".

Kurekodi kwenyewe hakuna uchawi. Simu inatosha, iwekwe kiganja kimoja kutoka mdomoni, chumba kiwe na mazulia na mapazia, friji izimwe kwa dakika kumi. Tunahifadhi WAV ya asili na kugawana MP3. Kuhariri tunatumia Audacity, ambayo ni ya bure.

Lakini msikate mkia. Hili nalisisitiza kwa sababu mimi ndiye niliyefanya kosa. Sisi tumezoea kusikiliza kichwa cha neno: katika "sitakuja" nafsi, ukanushi na wakati vimetangulia. Mturuki anasema gelmeyeceğim: mzizi "gel" kwanza, kisha ukanushi, kisha wakati ujao, na "mimi" mwisho kabisa kwenye ile m. Nilitumia chombo cha kuondoa ukimya chenyewe, kikaona m za mwisho ni ukimya, kikazimeza. Vipande arubaini vya "geldim" (nimekuja) vikawa "geldi" (amekuja), na mwenzetu mmoja akajifunza hivyo kwa wiki mbili. Siku hizi tunaacha nusu sekunde tupu baada ya neno la mwisho, na tunakata kwa mkono.

Kazi kubwa ni maandishi. Kila kipande kina mistari mitatu:

Kimaandishi: Bu akşam gelmeyeceğim, bir işim var.
Kinavyosikika: Bu akşam gelmiycem, bi işim var.
Kiswahili: Leo jioni siji, nina shughuli.

Mstari wa pili ndio sababu ya ghala zima. Tulijaribu kuuacha programu ya Whisper iandike. Inatusaidia kwa mstari wa kwanza, ila ina tabia ya mwalimu: inasikia "gelmiycem" na kuandika "gelmeyeceğim" safi, kana kwamba inamwonea haya msemaji. Kwa hiyo mstari wa pili unaandikwa na mtu, na mtu wa pili anausikiliza upya bila kuona alichoandika wa kwanza. Wakitofautiana, tunampelekea Mturuki. Pia andikeni msemaji anatoka wapi na ana umri gani kwa makadirio. Bila hivyo mtabishana bure: mtu wa İzmir anaita simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, "gevrek", na "napıyon" ya kijana si kosa la "napıyosun" ya teyze.

Majina ya faili yawe na herufi za kawaida tu, bila ş, ğ wala ı, kwa mfano 0147_izmir_kadin_firin (namba, mji, mwanamke, duka la mikate). Herufi za Kituruki zikae ndani ya jedwali, na jedwali lihifadhiwe kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote. Letu lilifunguliwa kwenye kompyuta moja ya zamani, kila ş ikageuka þ, ğ ikawa ð, ı ikawa ý. Lilionekana kama barua kutoka Iceland. Tulilirudisha kwa kubadilisha herufi moja moja, jioni nzima. Na nukta ya i msiichukulie kama pambo: sıkıldım, "nimechoshwa", ukiiwekea nukta inakuwa tusi ambalo sitalifasiri hapa.

Sasa ruhusa, ambayo watu hupenda kuiruka. Uturuki ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, namba 6698 ya mwaka 2016, na hata isingekuwepo, kumrekodi mtu kwa siri ndani ya basi ni utovu wa adabu. Tunamweleza msemaji sauti itakwenda wapi, tunarekodi kauli yake ya kukubali kwenye faili la pembeni, na tunamwambia anaweza kuiondoa wakati wowote. Teyze alikubali kwa furaha, akasimulia dakika kumi kuhusu mjukuu wake, jina, shule na njia anayopita kurudi nyumbani. Tulifuta karibu yote. Sikilizeni kila kipande kwa sikio hilo kabla hamjakigawa.

Tamthilia na nyimbo msizikate kuziweka ghalani. Sheria ya hakimiliki ya huko, namba 5846, inalinda kazi hadi miaka 70 baada ya kifo cha mwenyewe. Kipindi cha TRT, shirika la utangazaji la taifa, mnaweza kumwonyesha mwenzenu kilipo na dakika ya kuanzia. Faili lenyewe si lenu. Mkitaka hadithi, mwombeni mzee asimulie visa vya Nasreddin Hoca kwa maneno yake mwenyewe. Huyo ndiye Abunuwasi wao, hana mwenyewe, na kila msimulizi ana namna yake ya kumalizia.

Vilivyokwisha kukusanywa na wengine mvitumie pia. Common Voice ya Mozilla ina sauti nyingi za Kituruki chini ya CC0, leseni ya kutumia bila masharti, ila ni watu wanaosoma sentensi, hamtasikia "napıyosun" nyingi humo. Tatoeba ina sentensi na baadhi zina sauti; angalieni leseni ya kila sauti, hazifanani. Vyetu tunavitoa kwa CC BY, yaani anayevitumia lazima amtaje mwenye kazi, na msemaji ndiye anayechagua atajweje.

Kwa kujifunza tunaviingiza Anki, programu ya kadi za kukumbuka: upande wa mbele sauti tu, bila herufi hata moja, nyuma mistari mitatu. Ukiweka maandishi mbele, macho yatafanya kazi ya masikio.

Mgawo wetu ni vipande vitano kwa mtu kwa wiki, na kila Jumapili mnabadilishana kwa uhakiki. Kilichokaa mwezi bila mstari wa pili kinafutwa, hata kiwe kitamu vipi. Cha mwuza samaki tuliyempenda wote kilikwenda hivyohivyo. Tumerudi sokoni mara mbili kumrekodi upya, na mara zote mbili tulimkuta sauti imemkauka.