Kupima kasi ya sauti kwa vipande viwili vya mbao

Wanafunzi wangu wa kidato cha pili huwa hawaamini kwamba ukuta wa darasa unatosha kupimia kasi ya sauti, mpaka wajaribu wenyewe. Pima mita 85 kutoka kwenye ukuta mrefu usio na miti mbele yake. Nenda asubuhi na mapema, kabla ya upepo na kelele za uwanjani.

Gonga mbao mara moja, usikilize mwangwi. Kisha gonga mfululizo, ukirekebisha mwendo hadi kila pigo liangukie juu ya mwangwi wa pigo lililotangulia. Utajua umepatia pale mwangwi unapopotea masikioni. Hapa ndipo penye kazi, usiharakishe. Mwenzako aanzishe saa ya simu ukisema "sifuri", si "moja", maana tunahesabu nafasi kati ya mapigo. Aisimamishe kwenye ishirini.

Sauti imekwenda na kurudi: mita 170 mara 20, yaani mita 3,400. Gawanya kwa sekunde mlizopata. Sekunde 10 ni mita 340 kwa sekunde. Penye joto la nyuzi 30 tarajia karibu 349, kwa kuwa hewa ya moto hupitisha mtetemo upesi zaidi.