Asilimia 99 Ilininyima Giza: Kwa Ndugu wa Ughaibuni Mnaosubiri Kupatwa kwa Jua

Aprili 8, 2024 nilikuwa Columbus, Ohio. Ramani kwenye simu ilionyesha kwamba pale kwangu jua litafunikwa zaidi ya asilimia 99. Nikajiambia, nichome mafuta kwenda Delaware, mji wa jirani usiofika mwendo wa saa moja, kwa ajili ya asilimia moja? Saa tisa na kitu alasiri mwanga ukafifia kama wingu limepita, kibaridi kidogo, basi. Binamu yangu aliyekwenda Delaware akanipigia simu, sauti inamtetemeka: giza limeingia, Zuhura inawaka, taji jeupe limelizunguka jua. Mimi sikuona hata kimoja. Iliniuma, na bado inaniuma.

Asilimia 99 si kupatwa kamili. Jua hung'aa takriban mara 400,000 kuliko mwezi mpevu, kwa hiyo asilimia 1 ikibaki, bado ni mara 4,000. Taji halionekani, usiku hauji. Waliokwenda Rujewa, Mbarali, Septemba 1, 2016 ni mashahidi: kile kilikuwa kipete, yaani mwezi haukulifunika jua lote, ikabaki pete ya mwanga, na mchana ulibaki mchana. Usiulize "asilimia ngapi?" Uliza "nimo ndani ya njia ya kivuli, yaani ukanda ambamo jua hufunikwa lote, au nje?"

Agosti 12, 2026 ni zamu ya Hispania. Madrid na Barcelona ziko nje kidogo tu, na huo ndio mtego wenyewe. Burgos, Zaragoza na Valencia zimo. Jua litakuwa linakaribia kuzama, hivyo simama mahali ambapo magharibi hapajazibwa na jengo wala mlima. Agosti 2, 2027 ni zamu ya Saudia: Jeddah na Makka zimo, Jeddah kwa takriban dakika 6. Mlioko Muscat, Dubai na Riyadh, hamumo. Msiridhike na kuchungulia dirishani.

Ruhusa ya kutoka kazini na chumba cha kulala huko, tafuta mapema.

Miwani ya kutazamia jua iwe ya kiwango cha kimataifa cha ISO 12312-2. Ivue pale tu jua linapofunikwa lote, uirudishe mara mwanga unapochomoza. Ukiwa nje ya njia, usiivue kabisa. Shangazi yangu alinisihi nitumie beseni la maji au filamu ya eksirei. Shangazi, nakupenda, lakini vyote viwili vinaharibu macho, tena bila maumivu ya kukushtua.

Nyumbani, redio na mwenyekiti wa kijiji wangekwambia uende wapi. Huku kila mtu na ramani yake. Shule nyingi za Ohio zilifungwa siku ile, na jirani yangu aliondoka asubuhi na viti nyuma ya gari, akanipungia mkono kwa heshima zote. Sentensi moja tu kutoka kwake ingetosha. Sijazoea upweke wa namna hii, wala sitaki tuuige. Una ndugu Madrid? Mpigie leo, umwambie yuko nje ya njia.