Kushuka Mto Allagash kwa mtumbwi, kutoka Churchill Dam hadi kijijini

Mto Allagash uko kaskazini kabisa mwa jimbo la Maine, Marekani, ndani ya msitu wa misonobari na miberoshi, na maji yake huelekea kaskazini. Jimbo liliuhifadhi mwaka 1966, maziwa na mto kwa jumla ya kilomita 148 hivi. Mwenye wiki mbili aanzie juu, kwenye maziwa. Mwenye siku tano aanzie kwenye bwawa la Churchill Dam: zimebaki karibu kilomita 100, na ndiko mto wenyewe uliko.

Chagua mwezi kwanza. Mwishoni mwa Mei na Juni maji ni mengi, lakini usubi weusi hung'ata hadi damu itoke nyuma ya masikio. Vaa mikono mirefu na wavu wa kichwani. Agosti maji hupungua na mtumbwi hukwaruza mawe. Septemba usubi umekwisha, ila usiku ni baridi kweli. Kwetu Septemba ndiyo bora.

Mtumbwi wa mita tano hivi hubeba watu wawili na mizigo yao. Panga mizigo chini kabisa, mizito katikati, na omo, yaani mbele ya mtumbwi, iwe nyepesi kidogo kuliko tezi, yaani nyuma. Omo ikilemewa, mkondo huikamata na mtumbwi hugeuka ubavu. Funga kamba ya mita tano omo na nyingine tezi, chukua kafi la tatu la akiba, upo wa kufulia maji, na pondo, mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, la mita tatu na nusu. Pondo lilikuwa chombo cha wakata magogo wa mto huu, na mpaka leo hakuna kinachofaa zaidi kwenye maji mafupi: simama, lichome chini, simamisha mtumbwi kabisa, tazama, kisha uuachie taratibu.

Chase Rapids huanza papo hapo chini ya bwawa, kilomita 14 hivi za maji makali. Uliza askari wa hifadhi maji yatafunguliwa saa ngapi, na uwalipe wakupelekee mizigo kwa gari mpaka chini. Ada hiyo ni ndogo kuliko hasara ya begi la kulalia lililolowa.

Kusoma maji si kugumu. Maji yakichora umbo la V ambalo ncha yake inaelekea chini ya mto, hapo ndipo njia. Ncha ikielekea kwako, kuna jiwe. Ukishindwa kulikwepa jiwe na mtumbwi ukalipiga ubavu, lalieni upande wa jiwe, wote wawili, hata kama mwili unataka kukwepa. Mkikwepa, ukingo wa upande maji yanakotoka huinama, maji huingia, na mtumbwi uliojaa hubeba zaidi ya nusu tani ya maji. Ndivyo mitumbwi inavyokunjika juu ya miamba. Ukianguka, kaa upande wa mtumbwi maji yanakotoka, lala chali, miguu ikitangulia. Usijaribu kusimama kwenye mkondo unaopita magoti: mguu ukinaswa kati ya mawe, maji hukulaza kifudifudi.

Baada ya hapo yapo maziwa ya Umsaskis na Long Lake. Vukeni alfajiri, kwa sababu upepo huamka kadiri jua linavyopanda, na mpite karibu na ufuo. Chini ya Long Lake kuna mabaki ya bwawa la wakata magogo, yenye misumari mirefu ya chuma majini. Shukeni, mbebe mtumbwi mpite kando.

Michaud Farm kuna kituo cha askari. Kutoka hapo kaeni upande wa kulia, maana mbele ni Allagash Falls, maporomoko ya mita 12 hivi, ambayo hayapitiki. Njia ya kubebea iko kulia, nusu kilomita. Bebeni mizigo kwanza mkiikagua njia, kisha mrudie mtumbwi.

Safari huishia kijiji cha Allagash, pale mto unapoingia Mto Saint John. Ni kijiji kidogo cha watu wa msitu na mto. Ukoo mmoja una mkata magogo na kiongozi wa wasafiri. Kupeleka gari lako kutoka bwawani hadi huku ni kazi ya watu wa huko, na hupangwa kabla hujaingia majini. Barabara za msituni ni za binafsi, hulipiwa getini, na lori la magogo ndilo lenye haki ya njia: ukiliona linakuja, sogea pembeni usimame mpaka lipite na vumbi litulie.