Kabla hujabishana, kagua gunia: somo la kutetea imani, na maswali yenu

Kijana mmoja wa chuo hapa Mbeya alinifuata baada ya kipindi, uso umemshuka. Mwenzake wa bwenini alimwambia: "Nithibitishie Mungu yupo, ila usitumie Biblia, anza bila imani yoyote." Nikamuuliza, ukamkubalia? Akasema ndiyo. Basi alishindwa hapo hapo, kabla hajafungua kinywa.

Wakulima wa viazi wa Uyole wataniwahi kunielewa. Mnunuzi anakuja na lumbesa lake, analijaza mpaka linavimba, anashonea kamba juu, halafu anasema "gunia moja". Ukishalikubali hilo gunia, kubishana bei ni kujichosha. Ugomvi wa kweli uko kwenye kipimo.

Hatua ya 1: Tafuta kipimo cha mwenzako. Kila mtu ana mambo anayoyachukulia kuwa kweli kabla mjadala haujaanza. Wasomi wanayaita dhana tangulizi. Akikwambia "mimi nakubali tu kilichothibitishwa na sayansi," muulize kwa utaratibu: na sentensi hiyo, imethibitishwa kwenye maabara gani? Haikupimwa popote. Ni kipimo alichokuja nacho kutoka nyumbani.

Aliyeijenga njia hii ni Cornelius Van Til, Mholanzi aliyezaliwa 1895, akahamia Marekani na wazazi wake 1905, akafundisha seminari ya Westminster kule Philadelphia tangu 1929 hadi 1972. Alikataa kabisa kwamba kuna uwanja usio na upande, ambapo Mkristo na asiyeamini wanasimama pamoja kumpima Mungu kama mahindi.

Hatua ya 2: Ingia nyumbani kwake. Hapa ndipo penye kazi, msiharakishe. Mithali 26:5 inasema mjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake. (Msiende kumwita mtu mpumbavu, jamani. Chukueni mbinu, matusi yaacheni.) Maana yake, chukua msingi wake kwa muda, uone kama unabeba paa. Mtu anasema ulimwengu ni mata tupu, yaani vitu vya kushikika tu bila Mungu wala roho, iliyojigongagonga. Haya, kwa nini tutegemee kesho iwe kama jana? Mkulima anafukia mbegu akijua udongo na mvua vitafanya kazi ile ile ya mwaka jana. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti ambaye hakuwa rafiki wa kanisa, alionyesha katika karne ya 18 kwamba huwezi kulithibitisha jambo hilo kwa uzoefu, maana kila mara utasema "imekuwa hivyo siku zote", na hicho ndicho unachotakiwa kukithibitisha. Mkristo ana sababu: Mwanzo 8:22, Mungu aliahidi kwamba majira ya kupanda na kuvuna hayatakoma.

Mwanafunzi wa mawazo ya Van Til, Greg Bahnsen, aliitumia njia hii mwaka 1985 katika mdahalo na Gordon Stein, mkana Mungu, kwenye Chuo Kikuu cha California, Irvine. Alimuuliza kanuni za mantiki zinatoka wapi kama kila kitu ni mata. Stein akasema ni makubaliano ya watu. Lakini makubaliano yanavunjika. Tukikubaliana hapa Mwanjelwa kwamba jambo laweza kuwa kweli na uongo kwa pamoja, je, litakuwa hivyo?

Hatua ya 3: Mkaribishe kwako. Mwonyeshe jinsi akili, maumbile na dhamiri vinavyokaa mahali pake ukianza na Mungu wa Biblia.

Hatua ya 4: Upole. 1 Petro 3:15 inaagiza tujibu "kwa upole na kwa hofu". Nimeona vijana wamegeuza njia hii rungu, kila neno wanauliza "unajuaje? unajuaje?" Hizo ni kelele.

Maswali yenu

*Shikamoo mwalimu. Huku si kuzunguka mduara? Unaanza na Mungu ili umthibitishe Mungu.*

Marahaba. Hili ndilo pingamizi kubwa, na halikwepeki kwa mzaha. Mizani ya sokoni hukaguliwa kwa mawe ya kupimia, na mawe hayo kwa mengine yaliyo sahihi zaidi. Mwisho unafika kwenye kipimo ambacho hakina cha juu yake. Anayetegemea akili ataitetea akili kwa kutumia nini? Akili. Kwa hiyo wote tunazunguka tukifika chini kabisa. Swali linalobaki ni mduara upi unaweza kueleza kwa nini kuna kupima hata kidogo.

*Mwalimu, Van Til alipingwa hata na Wakristo wenzake. Kwani wote hawakuelewa?*

Walielewa vizuri. Wanatheolojia R.C. Sproul, John Gerstner na Arthur Lindsley waliandika kitabu kizima 1984 cha kumpinga, na bado wakakiweka wakfu kwake kwa heshima. Walisema Mungu ni wa kwanza kuwapo, lakini katika kujua, mtu hana budi kuanza na nafsi yake. Kuna ukweli hapo. Mimi nikienda Tukuyu naanzia Uyole kwa sababu ndipo nilipo, ila sikuichora barabara. Kuanzia ulipo ni sawa. Kujifanya mwenye barabara ndiko Van Til alikokataa.

*Daktari aliyenifanyia upasuaji haamini Mungu. Ina maana hajui kitu?*

Anajua, mama, na mshukuru Mungu kwa mikono yake. Van Til alisimulia kwamba ndani ya treni alimwona mtoto akimpiga baba yake kibao usoni, na aliweza kuufikia uso kwa sababu baba alikuwa amempakata. Ndivyo alivyo daktari wako: hata kumkana Mungu anakufanya kwa akili aliyopewa na Mungu huyo huyo.

*Jirani yangu Mwislamu naye anaweza kusema "anza na Mungu". Utamjibuje?*

Hapa nakiri wakosoaji wametushika pabaya. Hoja ya mantiki na maumbile peke yake haimfikishi mtu kwa Utatu. Van Til alijaribu kuonyesha kwamba Mungu aliye mmoja na nafsi tatu ndiye anayeeleza umoja na wingi wa vitu duniani. Mimi naiona hoja nzuri lakini nzito kwa baraza la nyumbani. Jirani yako hapingi kwamba kuna Muumba, kwa hiyo hatua ya 2 kwake ni kupoteza chai. Mnatofautiana juu ya Yesu. Fungueni Yohana sura ya 1, msome taratibu, na yeye akikuonyesha Kurani yake, isome pia.