Kabla ya kumpigia mfamasia simu
Kipindupindu kikiingia mtaani hapa Goma, watu wengi tunamuuliza mfamasia kwa simu. Kwanza weka dawa zote mezani, hata za kienyeji. Piga picha ya boksi pande zote: jina, miligramu, tarehe ya kuisha. Ukisema "kile kidonge cheupe" humsaidii, vidonge vyeupe ni vingi mno. Taja kilo za mtoto, si umri tu. Akikupa kipimo, mrudishie maneno yake polepole mpaka akubali. Juzi mama jirani alisikia "nusu lita", kumbe pakiti yake ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) ilikuwa ya kuchanganya na lita 1 ya maji safi. Lakini mtoto akilegea au macho yakizama, acha simu. Mkimbize kituo cha afya, ukimnywesha njiani kama bado anameza.