Kufungua njia ya hewa katika jengo la zamani la mawe Dodoma

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na majengo mengi ya mawe ya enzi za Wajerumani na Waingereza yalijengwa bila kutegemea feni. Hewa huingia kwa madirisha na matundu ya chini, hupanda chumbani, hupenya kwenye matundu ya dari, kisha hutokea mgongoni mwa paa au kwenye kuta za pembetatu za mwisho wa paa. Ni njia moja. Ikizibwa mahali pamoja, jengo zima huvundika, na kiyoyozi hakitatibu hilo.

Kwanza ifuate njia kwa moshi. Subiri saa mbili usiku, nje kukishapoa kuliko ndani. Funga milango, acha wazi matundu ya chini, washa udi karibu nayo. Moshi unapaswa kuvutwa ndani, na ukiusogeza juu, uvutwe darini. Ukielea usawa wa kichwa, njia ya kutokea imezibwa. Ukirudi chini kutoka darini, tundu la juu linaelekea upepo. Kiangazi upepo wa Dodoma hutoka zaidi mashariki, kwa hiyo tundu la kutolea hewa likae magharibi.

Kisha panda darini, ukivaa barakoa. Kama mabati au mbao za dari zinaonekana ni za asbesto (nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu), usizitoboe wala kuzivunja. Hapo aitwe mtaalamu. Kinyesi cha popo kinyunyizie maji kabla ya kukiondoa, na matundu yao yazibe usiku wakishatoka, kamwe si wakati wa vichanga. Mara nyingi kosa kubwa zaidi utalikuta hapa: mtu amepachika jipsamu chini ya dari ya zamani bila kuacha tundu hata moja. Fundi aliyetaka chumba kipendeze amekiziba koo.

Sasa pima. Chumba cha mita 5 kwa 5 chenye kimo cha mita 4 kina hewa mita za ujazo 100. Ukiweka eneo wazi la mita za mraba 0.1 chini na 0.1 juu, yakiachana kwa mita 3, na ndani kukiwa na joto zaidi ya nje kwa nyuzi 8, hewa yote hubadilika karibu mara mbili kwa saa. Tundu la sentimita 20 kwa 20 lenye nakshi iliyo wazi nusu hutoa mita za mraba 0.02 tu, hivyo unahitaji matano chini na matano juu. Wavu wa mbu hupunguza zaidi, hasa ukijaa vumbi, basi ongeza idadi. Kwa popo, wavu wa matundu ya milimita 6 unatosha. Kupanua tundu la juu peke yake hakusaidii sana. Hewa inayotoka lazima iingie kwanza.

Kuta nazo zina zamu yake. Plasta ya saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa huzuia unyevu usitoke, na mara nyingi ndiyo chanzo cha lipu inayobomoka karibu na sakafu. Ibandue taratibu kwa patasi, kisha piga chokaa 1 kwa mchanga safi 3, kila tabaka lisizidi milimita 10. Lilowanishe kidogo kidogo siku kadhaa, lifunike lisipigwe na jua. Chokaa huunguza, vaa miwani na glavu.

Ukuta mnene huhifadhi ubaridi wa usiku, kwa hiyo matumizi ya kila siku yafuate saa. Fungua kila kitu jioni hewa ikishapoa, funga madirisha ya upande wa jua mapema asubuhi, acha matundu ya juu wazi mchana kutwa. Nyavu zisafishwe Novemba, kabla mvua za Desemba hazijageuza vumbi kuwa tope.