Unafungua mgahawa? Piga kwanza hesabu ya mwezi wa saba

Mgahawa wangu wa kwanza, Sinza, ulikufa wateja wakiwa wamejaa. Saa saba mchana hupati kiti. Ila mwezi wa saba tangu nianze ulipoingia, mwenye nyumba alikuja kudai kodi ya miezi sita mingine, shilingi 2,400,000. Mimi nilikuwa na 310,000 na deni la mchele. Kwa hiyo wewe unayetaka kuanza, menyu iweke pembeni kidogo.

Mtaji wangu ulikuwa milioni 8. Fremu ya 400,000 kwa mwezi, nikalipa miezi sita mbele. Dalali akachukua ya mwezi mmoja. Halafu nikafanya ujinga: marumaru, jipsamu, rangi na bango, milioni 3, kwenye ukuta wa mtu! Marumaru zile leo anazikanyaga muuza simu. Vyombo na friza vikamalizia, nikafungua nikiwa na laki tatu za kwenda sokoni.

Fanya kinyume changu. Toa kwanza pesa ya kuendeshea miezi mitatu (vyakula, gesi, LUKU, mishahara), iweke mbali, kisha tafuta fremu kwa kinachobaki. Hakitoshi? Chukua fremu ndogo zaidi, hata kibanda. Mwenye njaa hakimbii kiti cha plastiki. Friza la mtumba linafaa, ila liwashe hapohapo kwa muuzaji, ukae hadi ulione linagandisha.

Kwenye mkataba, ulizia kodi ya zuio. Mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Mwenye nyumba wangu aliniambia, "Dada, mimi nataka changu kamili." Basi 240,000 ikatoka mfukoni mwangu. Yamalizeni haya kwa maandishi kabla hujatoa hata senti.

Sasa jikoni, ambako pesa inavuja bila kelele. Nilipiga hesabu kwamba kilo ya nyama, tuseme 10,000, inatoa sahani 10. Mpishi wangu, mwenye huruma na mkono mzito, alikuwa akitoa 7. Kwa sahani 60 kwa siku, nilitakiwa kununua kilo 6. Nikawa nanunua zaidi ya 8 na nusu. Hiyo ni kama 25,000 kila siku. Kodi yangu, ukiigawa kwa siku 26 za kazi, haikufika 16,000 kwa siku. Yaani kodi ilikuwa inatoka kwenye upawa, na bado chenji inabaki! Kata vipande mwenyewe asubuhi, vihesabu, mkabidhi kwa idadi. Jioni sahani zilizouzwa na vipande vilivyobaki vilingane. Atanuna wiki moja.

Daftari la madeni usilifungue. Watu wa ofisini wanakula vizuri tarehe 10, wanalipa tarehe 30, na mmoja anahamishwa mkoa tarehe 28. Mimi sasa nakopesha watu watatu tu, na nawajua mpaka kwao.

Jua pia misimu yako. Dar, mwezi wa Ramadhani chakula cha mchana kinashuka ghafla. Nilipika kama kawaida siku nne za kwanza, wali ukaenda kwa kuku wa jirani. Punguza sufuria mapema, au hamia kwenye futari jioni: tambi, viazi, uji, maharage ya nazi. Tarehe za 18 hadi 25 nazo ni kavu, kila mtu anatafuta chapati na maharage. Nyama punguza.

Kodi ya fremu usiisubiri. Kila jioni, kabla hujamlipa hata muuza mkaa, tenga 16,000, siku ya mauzo mabaya pia. Ikikushinda wiki tatu mfululizo, ongea na mwenye nyumba mapema, kabla hajaja yeye.

Mgahawa wa sasa una meza tano, hauna jipsamu. Kibubu cha kodi kiko kwa mama mdogo, Mbagala, na ufunguo anao yeye.